Homa Pungufu

Saa nne kasorobo asubuhi, kitanda cha chumba cha pili kiliongezeka uzito kwa gramu mia tatu na arobaini.

Ambakisye Mwakalobo aliisoma namba hiyo mara mbili, kisha akaiacha ikae kwenye kioo cha mashine bila kuigusa, kama hakimu anayemwacha shahidi muongo aendelee kuzungumza. Kitanda kile kilikuwa mizani. Kazi yake ilikuwa kupima maji yanayomtoka mgonjwa kwa pumzi na kwa ngozi, nayo ni kazi ya upande mmoja tu: mtu mwenye homa hupungua. Hupungua polepole, gramu hamsini au sitini kwa saa, na kila anaponyweshwa maji msindikizaji wake hubonyeza kitufe cheupe ili mizani ijue. Kitufe cheupe hakikuwa kimebonyezwa tangu saa tatu. Dakika ishirini na mbili baadaye gramu zile zilikuwa zimetoweka zote.

Ambakisye alikuwa Mpima wa Kituo cha Homa cha Idundwa, juu kabisa katika milima ya Uporoto, kwa mwaka wa kumi na nne sasa. Katika miaka hiyo alikuwa amejifunza kutoamini mambo mengi: maelezo ya wagonjwa, maombi ya ndugu zao, nyaraka za wizara, na hasa matumaini yake mwenyewe. Mizani haikuwa imempa bado sababu ya kutoiamini.

Alirudi nyuma katika kumbukumbu. Mchoro wa uzito uko ukurasa wa nne, na wapima wengi huufungua mara moja tu, homa ikiisha, ili wajue mgonjwa arudishiwe maji kiasi gani. Yeye alikuwa mmoja wa wengi hao. Sasa aliukuta umejaa vilima vidogo vya kimo karibu kimoja, kuanzia saa kumi na moja ya jana jioni. Alivihesabu akapata kumi na tisa. Kwa muda wa saa kumi na saba mtu alikuwa akileta maji, akiyaweka juu ya mgonjwa, akiyaacha yakauke na kuyaleta tena, kwa utaratibu ambao Ambakisye angeusifu kama ungekuwa wa mfanyakazi wake.

Chumba cha mpima kilitenganishwa na chumba cha mgonjwa kwa kioo kipana. Ingetosha kugeuza shingo. Hakugeuza, kwa kuwa hapakuwa na la kutazama: kioo kilikuwa kimefunikwa kwa pazia zito la bluu, na pazia hilo alikuwa amelitundika kwa mikono yake mwenyewe.

*

Mgonjwa aliitwa Subilaga. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na sita, na alikuwa mjane wa Gwakisa, mwana pekee wa Ambakisye. Gwakisa alikuwa amekufa kwa ugonjwa wa uboho mwaka uliopita, siku tisa kabla ya zamu yake ya kutiwa homa, akiacha mke na mtoto wa kiume aliyeitwa Lusekelo, ambaye sasa alikuwa na mwaka mmoja na miezi miwili na alikuwa ameachwa kwa jirani hadi mama yake apone.

Katika ukoo wa Subilaga iliendelea kushikwa desturi ambayo kwingineko ilikuwa imekwisha kulegea: mke hakai chumba kimoja na baba mkwe, hamtazami usoni, hatamki jina lake, wala hasemi naye ila kwa kinywa cha mtu wa tatu. Ambakisye aliona kuwa desturi hiyo haikuwa na faida yoyote inayoweza kuthibitishwa. Hata hivyo aliifuata kwa ukamilifu, kwa sababu ilimpunguzia mazungumzo. Kwa miaka minne alikuwa amemjua mkwewe kwa kisogo, kwa visigino, na kwa sauti iliyotoka nyuma ya mlango.

Kanuni za Idara ya Homa zilimkataza mpima kumhudumia mzazi, mtoto, ndugu wa damu au mwenzi wa ndoa. Mkwe hakutajwa. Mpima mwingine wa wilaya alikuwa mgonjwa, na ugonjwa wa uboho hausubiri likizo ya mtu. Kwa hiyo Ambakisye alikuwa ametundika pazia, akakaa upande wake na namba, na kila aliyepita akalisifu pazia kuwa ni heshima.

Alibonyeza kengele ya kumwita msindikizaji. Mama yake Subilaga, Atuganile, alitoka ukumbini na kuufunga mlango nyuma yake. Alikuwa mwanamke mfupi, mpana wa mabega, aliyechuma chai kwa miaka thelathini, na alitembea kama mtu aliyebeba kikapu hata asipokuwa nacho.

"Mama Subilaga, nionyeshe mikono."

"Mikono yangu ina nini, Baba Gwakisa? Umekuwa mtazama viganja?"

"Nionyeshe."

Alimnyooshea. Ngozi ya vidole ilikuwa nyeupe na imekunjamana, kama ya mtu aliyeshinda mtoni akifua.

"Ndiyo, namkanda mwanangu maji," alisema kabla hajaulizwa. "Unataka kunifunga?"

"Nilikusomea masharti siku ya kwanza. Ukaweka dole gumba."

"Ulinisomea kurasa sita kwa sauti ya mtu anayetangaza siku za kukatika umeme. Nikasema sawa, kwa kuwa nisingesema sawa usingempokea. Wewe ulitaka nifanye nini? Mtoto anaungua mbele yangu, nikae nimhesabie pumzi?"

"Kitambaa ulikiweka wapi?"

"Kipajini. Kifuani. Makwapani. Kwani kwenu homa inakaa wapi, kwenye kompyuta?"

"Kwapa la kushoto lina kipimo."

"Kile kijidude? Sikukivunja. Nilikiinua taratibu, nikaweka kitambaa, nikakirudisha juu yake vile vile ulivyokiweka."

Kwa saa kumi na saba alikuwa amepima, kwa usahihi wa nukta moja ya nyuzi, joto la kitambaa cha khanga kilicholowa.

"Alikuwa anatetemeka?" aliuliza.

"Mpaka kitanda kinalia! Ndipo nikazidisha. Mtoto akifikia kutetemeka, joto limekwisha kuvuka mpaka. Hilo hata msichana wa darasa la tano analijua."

"Mashine iliuona mtetemo huo. Nikaandika kuwa ni waya mbovu."

"Waya."

"Katika hatua hii mgonjwa hatetemeki. Kwa hiyo nikadhani ni waya."

"Basi ungefungua pazia ukatazama."

Hilo lilikuwa kweli, na kwa kuwa lilikuwa kweli Ambakisye aligeukia mlango. Atuganile alichukua kugeuka huko kuwa ni ubishi.

"Mimi nimelea watoto saba kwa beseni na kitambaa," alisema. "Wewe umelea wangapi kwa waya?"

"Mmoja."

"Na yuko wapi?"

Maneno yalipokwisha kumtoka, alijiziba mdomo kwa kiganja kile kile kilicholowa. "Nisamehe, Baba Gwakisa. Mdomo umenikimbia."

"Swali lilikuwa sahihi," alisema Ambakisye. "Tangulia ndani. Mfunike. Ninaingia."

*

Chini ya ubongo, karibu na mahali ambapo mishipa ya macho hupishana, pana kipande cha nyama kisichozidi ukubwa wa lozi, na mojawapo ya kazi zake ni kuamua mwili uwe na joto gani. Watu hudhani kuwa joto la mwili ni kama uzito wa jiwe, kitu kilichomo tu. Sivyo. Mwili una kiwango ulichokichagua, nao hukitetea mchana na usiku: likizidi joto hufungua mishipa ya ngozi na kutoa jasho, likipungua huibana mishipa hiyo na kuitetemesha misuli, kwa kuwa msuli unaotetemeka hutoa joto.

Vimelea vikiingia, mwili wenyewe hukipandisha kiwango. Mtu mwenye nyuzi thelathini na saba aliyepandishiwa kiwango hadi arobaini huwa ghafla na upungufu wa nyuzi tatu, na hutenda kama maskini wa joto: anajikunja, anatetemeka, anaomba blanketi juani. Joto likifika lilikoagizwa, anatulia. Homa basi si moto ulioingia kutoka nje. Ni agizo, na anayeungua ndiye aliyelitoa.

Dawa za kuua vimelea zilikuwa zimeshindwa moja baada ya nyingine tangu Ambakisye akiwa mwanafunzi, na ndipo watu walipolikumbuka agizo hilo. Taji ni mkanda wa chuma laini unaovalishwa kichwani, unaopeleka mawimbi ya sauti yasiyosikika hadi kwenye kipande kile cha nyama na kukiandikia kiwango kinachotakiwa. Kwa ugonjwa wa uboho ni nyuzi arobaini na nusu kwa saa thelathini na sita, bila kukatika. Anayepata pungufu ya hapo afadhali asingetibiwa, kwa maana vimelea vinavyosalia ni vile vilivyolistahimili joto, na vizazi vyake hulizoea. Miaka sita nyuma, mtu mmoja aliyeruhusiwa akiwa na saa thelathini na mbili alirudi kijijini kwake bondeni. Walizikwa watu arobaini na mmoja, na homa haikumfaa hata mmoja wao. Tangu hapo sheria ni fupi: homa pungufu ni Utengo, miaka miwili, nyuma ya uzio, bila kuonana na mtoto aliye chini ya miaka mitano.

Kilichotokea katika chumba cha pili kilikuwa rahisi kueleza mara mtu akishajua. Kitambaa kilipoza kwapa. Kipimo kikaliambia taji kuwa mgonjwa ana nyuzi thelathini na tisa. Taji likapandisha agizo. Ngozi iliyopozwa nayo ikauambia ubongo kuwa joto linapotea, na ubongo ukaitetemesha misuli. Mama alipouona mtetemo, alirudi kwenye beseni. Ilikuwa kama mtu anayemwagia maji ukuta wa nyumba ilhali aliye ndani, kwa sababu hiyo hiyo, anaongeza kuni.

Agizo lililokuwa likisomeka kwenye taji lilikuwa nyuzi arobaini na moja na nukta saba.

*

Subilaga alikuwa amelazwa ubavu, akiutazama ukuta. Mama yake alikuwa amemfunika kichwa chote kwa khanga, taji likiwa chini yake kama kilima.

"Mama, nani huyo?"

"Ni baba. Amekuja kupima."

"Mwambie atoke. Nywele zangu ziko wazi."

"Nimekufunika, mwanangu. Haoni kitu."

"Mwambie hata hivyo."

"Anasema—"

"Nimesikia," alisema Ambakisye. "Nahitaji sikio la kulia. Dakika moja."

Atuganile alikunja pindo la khanga kwa uangalifu wa mtu anayemenya yai. Kilichoonyeshwa kilikuwa sikio, na hapakuwa na zaidi. Lilikuwa jekundu-jeusi, lenye tundu la hereni lililoanza kuziba, na lilitetemeka pamoja na mwili wote. Ambakisye aliingiza kipimo cha mkono, akasubiri.

Nyuzi arobaini na moja na nukta nne. Mapigo ya moyo, mia moja sitini na nane, na kila baada ya machache moja lilikosekana.

Hapo hapakuwa na la kujadili. Moyo unaoruka mapigo katika joto hilo hauvumilii saa kumi nyingine. Alipunguza agizo la taji kwa nukta mbili, kisha baada ya dakika kumi kwa nukta mbili tena, akiwa amekipa kitanda mgongo ili asiivunje desturi zaidi ya ilivyokwisha kuvunjika. Ilipofika nyuzi arobaini, mtetemo ulikoma. Ilipofika thelathini na tisa na nusu, jasho lilianza kumtoka Subilaga usoni na shingoni, na mizani ikaanza kumpunguza kwa kasi, kama inavyotakiwa.

"Unaona?" alisema Atuganile kwa sauti ya chini. "Anapoa. Nilikuwa karibu."

Ambakisye alimtazama kwa muda mrefu kidogo kuliko ilivyo adabu. Aliona kuwa mama yule alikuwa ameamini kweli alichokisema, na kuwa hoja ya kumthibitishia kinyume chake ingehitaji muda ambao hakuwa nao.

"Atapona?"

"Moyo, nadhani ndiyo. Mengine sijui."

"Mengine yapi?"

Alitoka kwenda kwenye simu.

*

Daktari wa kituo, Hyasinta Komba, alikuwa mmoja kwa vituo vitatu, na siku hiyo alikuwa kituo cha chini, umbali wa saa tatu kwa gari. Muuguzi naye alikuwa ameteremka alfajiri na mgonjwa wa chumba cha tatu, aliyekuwa akipelekwa Utengo kwa homa pungufu. Ambakisye alimpigia daktari simu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Daktari. Nimekatiza homa ya chumba cha pili. Moyo."

"Ana saa ngapi?"

"Zilizopimwa ni tisa. Zisizopimwa ni kumi na saba."

Alimweleza yote, pamoja na pazia. Daktari hakumkatiza. Mwishowe alisema, "Subiri. Joto la ndani lilikuwa juu kuliko kiwango, siyo? Basi huyo kapata zaidi, hakupata pungufu. Una uzito wa kitanda, una mtetemo wa misuli, una agizo la taji. Kokotoa urudi nyuma. Saa moja ya arobaini na moja si sawa na saa moja ya arobaini na nusu, vimelea vinakufa upesi zaidi. Nipe namba moja, mzee wangu, nitaitia saini."

"Tukimpima damu?"

"Unajua jibu. Vinajificha ndani ya mfupa. Damu itatoka safi hata kama amejaa. Nasubiri namba yako."

Alikokotoa. Hakuna aliyekuwa na data kama zake wala uzoefu wa kuzitumia, na ilimchukua dakika arobaini. Matokeo ya kwanza yalikuwa kati ya saa ishirini na sita na saa arobaini. Katikati ya hapo ni thelathini na tatu, ambayo haifiki.

Alirudia, akibadilisha makadirio ya joto linalotolewa na msuli unaotetemeka. Yalikuwapo makadirio kadhaa katika maandiko. Kwa yale yaliyozoeleka alipata thelathini na nne na nukta mbili. Akatafuta mengine. Kwa yale ya mtafiti mmoja aliyewapima askari vijana ndani ya maji ya barafu alipata thelathini na saba na nukta moja. Aliitazama thelathini na saba hiyo kwa namna ambayo watu hutazama picha. Kisha akakumbuka kuwa kwa miaka kumi na miwili alikuwa akimtaja mtafiti huyo, mbele ya kila mpima mpya, kama mfano wa jinsi ya kutopima.

Simu ililia.

"Umepata?"

"Ishirini na sita hadi arobaini."

"Namba moja, mzee."

"Hiyo ndiyo namba. Ina ncha mbili."

"Mzee Ambakisye." Daktari alishusha sauti. "Ana mtoto wa mwaka mmoja. Huko Utengo wanakufa wangapi?"

"Mmoja katika kila kumi. Hiyo imepimwa."

"Na wewe huamini kabisa kuwa amemaliza?"

"Naamini. Ningeulizwa kwa siri ningesema amemaliza."

"Basi andika."

"Daktari, namba ninayoipenda ni thelathini na saba. Ndiyo maana siwezi kuiandika. Nimeitafuta mpaka nikaipata. Kama ingekuwa ni mgonjwa wa chumba cha tatu nisingeitafuta."

"Huwezi kujua hilo."

"Najua. Sikumtafutia."

Upande wa pili kulisikika mlio wa kalamu ikigongwa mezani. "Saa zisizopimwa sheria inazihesabu sifuri," alisema daktari. "Ukiandika hivyo, ana saa tisa. Tisa, mzee. Watamchukua kesho asubuhi."

"Fomu inafungwa saa kumi na mbili jioni. Nitakupigia kabla ya hapo."

"Unangoja nini?"

"Sijawaambia wenyewe."

*

Kufikia saa tisa alasiri joto la sikio lilikuwa thelathini na nane na nukta mbili, na Subilaga alikuwa ameketi, amejifunga khanga hadi machoni, amegeukia ukuta. Ambakisye alisimama mlangoni. Alizungumza na Atuganile, kwa sauti ya kutosha kusikika kitandani, na alieleza mambo kwa mpangilio yalivyotokea: kitambaa, kipimo, pazia, taji, saa tisa, saa kumi na saba. Hakumlaumu mtu. Aliposema pazia alisema ni lake. Aliposema Utengo alisema ni miaka miwili.

Atuganile alisimama kama aliyechomwa.

"Futa! Unasikia? Si wewe mwenye mashine? Futa uandike nyingine. Kosa ni langu, nifunge mimi. Nipeleke huko mimi!"

"Wewe huna vimelea."

"Nitavinywa!"

"Mama," ilisema sauti kutoka ukutani. Ilikuwa imekauka, lakini imetulia. "Muulize. Namba ipi ni ya kweli?"

Atuganile alimgeukia Ambakisye kwa hasira. "Anauliza namba ipi ni ya kweli."

"Mwambie sijui. Naamini amepona. Kuamini kwangu hakukupimwa."

"Anasema—"

"Nimesikia. Muulize: akiandika thelathini na saba, nitarudi nyumbani?"

"Kesho."

"Na Lusekelo atalala na mimi?"

"Hakuna wa kumzuia."

Nje, upepo wa mlimani ulikuwa ukigonga bati kwa vipindi, na Atuganile alikuwa akilia bila sauti, akijifuta kwa kiwiko kwa sababu viganja vilikuwa vimekataa kukauka.

"Muulize," alisema Subilaga, "kama ni yeye, angemlaza Lusekelo kitandani kwangu?"

Safari hii Atuganile hakuliwasilisha swali. Aligeuka tu akamtazama mkwe mwenzake, na katika macho yake kulikuwa na ombi lililo wazi kabisa.

Ambakisye alifikiria. Alijaribu kuyaleta majibu yote mawili kinywani, apime lipi lingetoka bila kusukumwa.

"Mwambie hapana," alisema.

"Basi aandike tisa," alisema Subilaga.

Atuganile alikaa kitini. Kwa kitambo alizungumza peke yake, kwa lugha ya nyumbani, na sehemu kubwa ilikuwa juu ya Ambakisye na baba zake. Kisha akanyanyua kichwa, na alipozungumza tena alikuwa amekwisha kuhamia kwenye jambo jingine, kama mtu wa shamba ambaye mvua imemharibia safu moja na anaitazama inayofuata.

"Utengo wanaruhusu msindikizaji."

"Mmoja. Akiingia hatoki kabla ya muda."

"Nyumba zao zikoje?"

"Chumba kimoja na jiko."

"Na mtoto haingii."

"Haingii."

"Kwa hiyo nikienda mimi, Lusekelo analelewa na nani? Na wewe?"

Ambakisye alitafakari swali hilo kwa haki liliyostahili. "Hapana," alisema.

"Basi mtoto ni wangu. Na huko ni wewe."

"Mama Subilaga, mimi nina kazi."

"Una mashine nne na mbwa."

"Sina mbwa."

"Hata mbwa huna!" Alimnyooshea kidole chenye makunyanzi ya maji. "Nani atamshika akiwa na baridi? Nani atamjua kama anatetemeka kweli au ni waya? Utakaa hapa juu unasoma namba za watu wengine, na yeye kule amelala peke yake kama mzigo uliosahauliwa? Mwanao angekuwa hai angekwenda yeye. Hayupo. Anayefuata kwa ukoo ni nani?"

Ambakisye alikuwa na hoja tatu: umri, kazi, na desturi. Alizipanga, akaanza na iliyo nzito zaidi, akakuta kuwa ni desturi, yaani ile ambayo kwa miaka minne aliihesabu kuwa haina maana. Nyingine mbili zilikuwa nyepesi kuliko hiyo. Hakuona sababu ya kuendelea na hesabu.

"Si mimi wa kuamua," alisema. "Ni chumba kimoja. Muulize yeye."

Atuganile hakuuliza. Hapakuwa na haja, na wote watatu walilijua hilo. Kwa muda mrefu Subilaga aliendelea kuutazama ukuta. Jasho lilikuwa limeilowesha khanga mgongoni kwa umbo la jani, na mabega yake yalipanda na kushuka kwa utulivu wa mtu ambaye mwili wake hauagizwi tena na mtu mwingine.

"Muulize kama anajua kupika," alisema.

"Anauliza kama unajua kupika."

"Mwambie najua kuchemsha."

"Kuchemsha nini?" aliuliza Atuganile, kwa niaba yake mwenyewe.

"Viazi. Mahindi. Mayai, dakika saba."

Atuganile alivuta pumzi ili ayapeleke maneno hayo kitandani, umbali wa hatua mbili, akiongeza na maoni yake. Hakuwahi. Subilaga alikuwa ameushusha upindo wa khanga hadi chini ya kidevu, akageuza kichwa kutoka ukutani, na akamtazama mzee aliyesimama mlangoni kama mtu anayekagua nyumba kabla ya kuipanga.

"Viazi vinatosha, baba," alisema.

Mama yake alifunga kinywa, kwa kuwa kazi yake ilikuwa imekwisha.